Safari ya Kolo, na jamaa tuliyemcheka darasani

Naanza na aibu yangu kwanza nisije nikaikwepa huko mbele. Darasa la tano tuliletewa mwanafunzi mgeni, Msandawe, katokea upande wa Farkwa akaja kukaa kwa mjomba wake Dodoma mjini. Mwalimu akamwambia ajitambulishe, akataja jina lake, akataja na jina la sehemu alikozaliwa bibi yake, na ndani ya lile jina kukawa na ule mlio, ulimi unagonga kwenye kaakaa unaachia, kama mtu kafungua soda. Darasa zima tukapasuka. Toka siku hiyo mpaka tunamaliza la saba, yule jamaa akipita tu watu wanagonga ndimi. Na hodari wa kugonga nilikuwa mimi, maana tulikaa dawati moja, kwa hiyo nilipata muda mwingi wa mazoezi.

Sasa twende Kondoa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mrangi, na mwaka juzi tulienda kumsomea arobaini kijijini. Shughuli ikaisha mapema, siku ya pili watu wamechoka wamelala, mimi na binamu yangu mwenye bodaboda tumekaa tu hatuna la kufanya, nikamwambia hivi mimi na uzee huu sijawahi kufika Kolo kwenye ile michoro ya kale ya kwenye miamba. Akanishangaa. Yeye alishafika mara nyingi, anapeleka Wazungu, anawasubiri chini anachat mpaka wateremke. Kupanda juu na yeye hajawahi.

Bibi akiwa hai nilimuuliza mara moja hayo mapicha ya kwenye mawe aliyachora nani. Alikuwa anachambua mlenda, hakuinua hata kichwa, akasema "Sisi tumeyakuta." Basi. Nilidhani ananifukuza nisimsumbue. Siku hizi naona lilikuwa jibu zuri kuliko mengi niliyokuja kusoma baadaye, maana ni kweli kabisa, Warangi waliyakuta, na yeye hakutaka kujipa sifa isiyo ya kwao.

Kolo ni kijiji cha barabarani, unatoka Kondoa mjini unaelekea Babati, kama kilomita 25 hivi au zaidi kidogo, barabara siku hizi lami tupu ile inayotoka Dodoma. Ukipita na basi usipoangalia unaipita. Hapo kuna ofisi ya Mambo ya Kale na kijumba cha makumbusho, unalipa, unapewa mwongozaji, halafu unaacha lami unaingia vumbini. Sisi tulipiga mishikaki watatu kwenye pikipiki moja, mwongozaji katikati, mzee wa makamo mpole sana ambaye kila tukiruka jiwe anasema "taratibu kijana" na binamu yangu hapunguzi hata kidogo. Mwisho wa njia unashuka, unapanda kwa miguu, mlima una mawe makubwa ajabu yamepandana kama mtu aliyapanga halafu akaghairi, na pimbi wamejaa wanaota jua wanakuangalia bila wasiwasi.

Wote tunasema "mapango ya Kolo", na mimi nitaendelea kusema hivyo, ila usije ukategemea pango la kuingia na tochi na popo. Ni mwamba umeinama kwa mbele umefanya upenu, kama kibaraza cha nyumba. Umekaa chini yake mvua haikupigi, jua la mchana halikufikii, na mbele yako unaliona bonde lote hadi ukungu unapoanzia. Nilivyofika tu nilielewa kwa nini mtu angekaa hapo. Mimi mwenyewe nilitamani kukaa, ningeletewa chai nisingeondoka.

Michoro sasa. Aisee sikuona kitu. Nasema ukweli. Nimesafiri, nimelipa, nimepanda mlima jasho linanitoka, nimesimama mbele ya urithi wa dunia, naona jiwe lina madoa ya kutu. Binamu yangu ndio akaropoka kabisa, "Mzee, ndio hii?" Mwongozaji hakukasirika, nadhani amezoea. Akatuambia tukae chini, tusiseme, tuangalie sehemu moja tu tusihangaike na jiwe zima. Akanyoosha kijiti bila kugusa, akafuata mstari mmoja taratibu.

Mguu. Kumbe ule mstari ni mguu. Ukishaupata mguu unapata paja, kiuno, mwili mrefuuu mwembamba, halafu bega, halafu kichwa kikubwa cha duara kimetoka mistari kama nywele zimetimka, au kofia ya manyoya, utakavyopenda wewe. Na ukishampata mmoja jiwe lote linafunguka, wako wengi, wanapandana, kuna wanyama wamepita juu ya watu na watu juu ya wanyama, kuna twiga, kuna tembo, na wapo wengine wala hujui ni nini. Tulikaa pale karibu saa nzima na binamu yangu, yule aliyesema ndio hii, ndiye aliyekuwa anatuonyesha vitu ambavyo hata mzee alikuwa havitaji.

Kitu kilichonishika ni mistari. Mwili wa mtu haukupakwa rangi ukajazwa kama tunavyojaza sisi na kalamu. Umejazwa kwa mistari myembamba inayokimbia toka begani mpaka chini, mmoja baada ya mwingine, myembamba kama uzi wa kushonea viatu, na haigusani. Haigusani! Jiwe lenyewe lina vinundu vinundu, huyo mtu kashika sijui manyoya sijui kijiti kilichotafunwa ncha, rangi inachuruzika, na hajakosea. Jamani mimi nikipaka rangi geti la nyumbani nachafua mpaka ukuta wa jirani. Huyu alikuwa fundi. Alishafanya kazi hiyo mara nyingi sana kabla hajafika kwenye jiwe lile, na lazima kuna mtu alimfundisha, na huyo naye alifundishwa.

Rangi yenyewe nyekundu ni udongo wenye chuma, yaani kwa lugha ya kawaida ni kutu ya ardhini, unasagwa unachanganywa na kitu cha kuushikisha kama mafuta ya mnyama. Ndio maana imedumu, kutu haina pa kwenda, imeshaoza tayari. Ila hapo hapo ndipo wataalamu wanapokwama, kwa sababu kile kipimo maarufu cha kujua umri wa vitu vya kale kinahitaji kaboni, kitu kilichowahi kuwa hai, na chuma hakijawahi kuwa hai. Kwa hiyo ukisikia mtu anakutajia kwa uhakika kabisa mchoro huu una miaka kadhaa, mwombe akuambie kapimaje. Chini ya miamba ndio pana uhakika zaidi. Kisese, huko huko Kondoa, kuna upenu wa jiwe ambao mtaalamu Ray Inskeep aliuchimba 1956, na humo yametoka masalia ya watu waliokaa hapo vizazi na vizazi, mojawapo ni shanga zilizotengenezwa kwa ganda la yai la mbuni, na za zamani zaidi zina umri wa zaidi ya miaka 40,000. Tafakari kidogo. Mtu kakaa Kondoa, kavunja ganda la yai, kalichonga vipande vidogo, kavitoboa tundu, kavilainisha, kavivaa, miaka elfu arobaini iliyopita. Mimi shuleni nilifundishwa hao ni "binadamu wa kale" na picha ya kwenye kitabu ilikuwa mtu kainama ana nywele mgongoni kashika rungu. Hamna aliyeniambia walivaa shanga.

Nyekundu ndio za zamani kwa ujumla. Halafu ziko nyeupe, hizo ni stori nyingine. Nyeupe zinachorwa kwa kidole, nene, za haraka haraka, unakuta maduara, mistari, mjusi au mtu aliyetanuka kama mjusi, na zikikutana na nyekundu zenyewe ndio ziko juu. Ukitaka kuziona vizuri nenda upande wa Pahi, huko zimejaa ukuta. Wataalamu wanasema nyekundu zilichorwa na wawindaji waliokuwa wanaokota matunda na kurina asali, na nyeupe zikaja na wakulima, watu wa lugha za Kibantu, yaani babu zetu sisi. Nilimwambia binamu yangu kwa hiyo hizi mbaya mbaya ndio za ukoo wetu. Akasema labda walikuwa na haraka wanawahi shamba. Sijaona mtaalamu aliyesema hivyo ila mimi nimelikubali.

Sasa kuna mchoro mmoja Kolo ambao ndio maarufu kuliko yote. Watu watano wamejipanga mstari. Wa katikati wanasema ni mwanamke, ameshikwa mikono huku na huku, wawili wa upande mmoja wana vichwa vya ajabu virefu kama wamevaa vinyago, wawili wa upande wa pili wana vile vichwa vya duara vya kawaida. Mary Leakey, huyu mama ndiye aliyekuja kugundua fuvu la Zinjanthropus Olduvai 1959, alikaa Kondoa miezi kama mitatu mwaka 1951 yeye na mumewe na wasaidizi wao, wanabandika karatasi zinazoonyesha upande wa pili juu ya mawe wananakili mchoro mmoja mmoja kwa mkono, na kitabu kikaja kutoka 1983. Yeye alivyouona huo mchoro akasema hapa kuna mtu anatekwa. Hao wenye vinyago wanavuta, na hao wengine wanamng'ang'ania asiende.

Miaka ya themanini akaja mtaalamu wa michoro ya Afrika Kusini, David Lewis-Williams, yeye akasema hapana, mnasoma vibaya, hao wako kwenye ngoma. Mtu amepandisha, kama tunavyosema sisi, na wenzake wamemshika asianguke. Binamu yangu naye ana tafsiri yake, anasema hiyo ni harusi, upande wa mume unamtaka bibi harusi na upande wa mke haujamaliziwa mahari. Tulicheka pale mpaka mwongozaji akacheka.

Lakini mimi ile ya ngoma ilinikaa, na sababu yake ni kitu nilichokuja kukisoma baadaye usiku kwenye simu nikiwa nimelala sebuleni kwa marehemu bibi, bando linakaribia kuisha. Wasandawe wana ngoma yao inaitwa simbo. Mtu anapandisha, anakuwa kama simba. Anashikwa. Na kuna mtafiti mmoja, Eric ten Raa, aliishi na Wasandawe miaka ya sitini akawauliza lile swali ambalo wengine hawakuwa wakiuliza, yaani badala ya kukodolea jiwe akamgeukia mtu aliye hai akamuuliza nyie mnachora? Wakamwambia ndio, tulikuwa tunachora. Kabla ya kuwinda mtu anaweza kwenda kumchora mnyama. Wakati wa kutoa sadaka wanachora. Na wakati mwingine mtu kakaa tu hana kazi kachora, basi, bila maana yoyote. Hiyo ya mwisho niliipenda sana kwa sababu kila mtaalamu anatafuta maana nzito, na hapa mwenye mali anakwambia mingine tulikuwa tunapoteza muda tu. Aliandika hayo 1971.

Nikaweka simu kifuani. Nikamkumbuka jamaa wa dawati langu.

Naomba nisieleweke vibaya, hakuna mtu mwenye hati ya kusema mchoro huu kauchora babu wa Msandawe fulani. Wanachosema ni kwamba wale wachoraji wa nyekundu huenda ni mababu wa Wasandawe, na pengine wa Wahadza wa Ziwa Eyasi pia, kwa kuwa hao ndio walikuwa wawindaji wa eneo hilo kabla ya sisi wengine kufika. Lugha zao zote mbili zina ile milio, ingawa kila moja iko kivyake na hamna aliyethibitisha kwamba ni ndugu. Afrika Mashariki nzima lugha za milio zimebaki hizo mbili na Kidahalo huko pwani ya Kenya upande wa Lamu. Zimebaki tatu! Na mimi nilikuwa nimekaa na moja dawati moja miaka mitatu, nikaitumia kuchekesha watu.

Halafu Kondoa yenyewe ni mahali pa ajabu kwa mambo ya lugha, sijui kwa nini hatujivunii. Ukienda mnadani siku ya mnada unakuta Mrangi anaongea Kibantu, Mburunge na Mwasi wanaongea lugha za Kikushi ambazo ndugu zake wako Ethiopia na Somalia, Mmang'ati na Mmasai wana zao za Kinailoti, na Msandawe kaja na dumu lake la asali ana milio yake. Makundi makubwa manne ya lugha yanagombania bei ya mbuzi mmoja, na wanaelewana kwa Kiswahili. Wataalamu wa lugha wanapanda ndege kuja kuona hicho kitu. Sisi tunaenda kununua mbuzi.

Kurudi mlimani. Pango kuu, hilo wanaloliita Mungumi wa Kolo, bado linatumika. Sijui niseme nini kwa heshima zaidi, ila ndio hivyo, watu wanaenda pale kuomba mvua, waganga wanapeleka watu, panatolewa sadaka, pombe inamwagwa. Mwongozaji alituonyesha kwa kichwa tu, hakunyoosha kidole. Tukakuta kibuyu kimewekwa pembeni, tukapita mbali nacho. Na bibi yangu, Muislamu wa sala tano, mwaka mmoja wa ukame mkali inasemekana alichangia mbuzi aliyepelekwa huko, binamu yangu ndio alinitobolea siri hiyo tukiwa tunateremka, akaniambia nisije nikaisema arobaini haijapoa. Imeshapoa.

Hapo sasa ndipo penye mgogoro ambao mimi sijaupatia jibu. Pombe ikirushwa ukutani inaharibu michoro, hilo halina ubishi. UNESCO walivyoiingiza Kondoa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, eneo la kilomita za mraba 2,336 lenye miamba ya michoro inayokadiriwa kati ya 150 na 450, mojawapo ya sababu ilikuwa hiyo hiyo, kwamba mahali hapa imani bado iko hai. Kwa hiyo unamsifia mtu kwa imani yake, na unamkataza vitendo vya imani yake. Mzee wa mila akikuuliza nyie mnataka nini hasa utamjibu nini? Mimi ukinibana sana nitasema michoro ilindwe, maana ikifutika haichorwi tena na waliojua kuichora hawapo, pombe inaweza kumwagwa chini pembeni kidogo na mvua ikanyesha vilevile. Ila nasema hivyo nikijua bibi yangu angenitazama kwa jicho fulani.

Na tusiwasingizie watu wa mila peke yao. Maji ya mvua yanateremka na chumvi ya jiwe, nyigu wanajenga udongo juu ya uso wa mtu wa miaka mingi hivyo, pimbi wanakojoa. Watalii walikuwa na tabia ya kumwagia mchoro maji, wengine hata soda, ili rangi iwake picha itoke vizuri, na kila ukimwagia unaondoka na kidogo. Zamani serikali ilizungushia baadhi ya miamba uzio wa waya na mbao, wenyeji wakaona waya mzuri unakaa bure porini, wakauchukua. Nani angeuacha?

Halafu kuna wachimba mali ya Mjerumani. Hawa ndio walinimaliza. Ukiwa Kolo unaoneshwa mashimo, watu wanakuja usiku na sururu kutafuta dhahabu ambayo eti Wajerumani waliificha wakati wanakimbia vita ya kwanza. Ni kweli vita vilipita Kondoa, Mei 1916 majeshi ya Wajerumani ya Lettow-Vorbeck yalipambana pale na ya upande wa Waingereza chini ya van Deventer aliyetokea kaskazini, kwa hiyo stori ina pa kushikia. Lakini dhahabu hamna aliyeipata. Wanachopata ni kuchimbua udongo kama ule wa Kisese ambao shanga za miaka elfu arobaini zililala ndani yake, wanautupa pembeni, wanaendelea kutafuta utajiri. Mtu kasimama juu ya mali anatafuta mali. Nilimuuliza mwongozaji kama anawafahamu, akasema "wengine ni majirani zangu" akabadilisha mada.

Tuliteremka jua limeshaanza kulala, rangi nyekundu zile jioni zinakolea kabisa, mzee akatuambia wengi wanaondoka mapema hawaioni hiyo. Nilipiga picha kama 40. Nzuri zikiwa tatu.

Niliporudi Dodoma nilihangaika wiki nzima. Tuna kundi la WhatsApp la tuliomaliza la saba pamoja, mle watu wanatumiana salamu za Ijumaa na michango ya misiba, na jamaa yumo ila huwa hasemi kitu, anachanga anakaa kimya. Ni fundi simu Singida, ana duka lake. Nikamfuata pembeni nikamwandikia ujumbe mrefu sana wa kuomba radhi. Nikaeleza yale ya darasani, nikaeleza Kolo, nikaeleza simbo, shanga, nikaweka mpaka mwaka wa kitabu. Niliufuta mara tatu nikauandika tena. Nikatuma saa nne usiku.

Akanijibu asubuhi. Kidole gumba tu.

Nikasema haya, nimestahili. Mchana, sijui nini kilinituma, nikamtumia picha moja bila maneno, mnyama mmoja mkubwa mwekundu ana nundu begani kidogo, mwongozaji alisema ni pofu na binamu yangu kashikilia ni nyati, walibishana njia nzima. Hiyo haikuchukua hata dakika. Jamaa akapiga simu kabisa.

"Hii umepiga wapi?"

Nikamwambia Kolo. Akaniuliza kama nimeona nyingine, akaniuliza zile za kwao Swaga Swaga ninazijua, hifadhi iko huko huko Chemba karibu na kwao, kuna mtafiti kutoka Poland alikuta huko mwamba umejaa michoro akaitangaza 2021, kuna watu watatu wana vichwa vinavyofanana na nyati. Mimi nilikuwa nimeisoma ile usiku wa bando, yeye kaiona kwenye simu ya mteja aliyeleta kubadilisha kioo. Nikamuuliza yeye alishafika kwenye hizo? Akacheka. "Ndugu yangu, nauli ya kwenda kutazama mawe naitoa wapi? Mimi hata Kolo sijafika, naipita na basi nikiwa nimelala." Halafu akanyamaza kidogo akasema mama yake mkubwa angeweza kumtaja huyo mnyama bila kubisha, wazee wa kule wanamjua mnyama kwa bega tu. Ya darasani hakuyagusa. Na mimi sikuyarudia.

Jioni ikaingia voisi, sekunde tano. Kampigia mama yake mkubwa, kamwelezea mnyama, kapata jina lake kwa Kisandawe. Neno moja fupi, na ndani yake kuna ule mlio. Nilitaka kuliandika hapa mkalisoma, nimeshindwa, kwenye kibodi ya simu hamna herufi yake, na nikiandika kwa kukisia atanicheka. Nikaisikiliza mara kumi hivi, binti yangu wa miaka sita akawa analijaribu naye, halafu nikajirekodi nikamtumia.

Akajibu hapo hapo: "Hapana. Ulimi uko mbele mno. Rudia."

Nikarudia.

"Bado."